Siku ya Mvua Maktabani Lamu: Mwongozo Kamili wa Kurudi Nyumbani na Kazi Iliyokwisha

Masika yakiingia Lamu, kazi nyingi husimama bila kumuuliza mtu. Kusi huanza kukaza Aprili, bahari ikachafuka, na Mei huwa ndio mwezi wenye mvua nyingi kuliko yote mwakani. Mwenye dau hulivuta juu, fundi wa kupaka chokaa hufungasha zana zake, na anayetembeza wageni kama mimi hukaa siku tano hajamwona mgeni hata mmoja. Siku hizo si chache. Ukizikusanya tangu Aprili hadi Juni, ni kama umepewa muhula wa shule usio na karo.

Mimi nilizipoteza kwa miaka. Tuliketi barazani, tukanywa kahawa, mvua ikanyesha, adhana ya magharibi ikatukuta palepale. Kisha mgeni mmoja akaniuliza mbele ya Ngome ya Lamu, imejengwa lini na kwa sababu gani, nami nikamjibu kwa maneno niliyoyaokota njiani. Akaniuliza kwa upole nimeyasoma wapi. Sikuwa na jibu. Tangu siku hiyo mvua ikipiga mimi huelekea maktabani, na karibu kila ninachowaeleza wageni leo kwa uhakika nilikipata siku ambayo maji yalikuwa yakipita mlangoni kama mto.

Mwongozo huu ni wa mtu yeyote anayetaka siku kama hiyo imzalie kitu: mwanafunzi wa kidato cha nne, mama anayepika chakula cha kuuza na anataka kupanga hesabu zake, kijana anayetafuta cheti, mzee anayeandika nasaba ya ukoo wake. Mifano yangu mingi ni ya Ngome ya Lamu kwa sababu ndani yake mna maktaba ya makumbusho, na ndiyo niliyoizoea. Hatua ni zilezile ukiwa kwenye maktaba ya shule, ya madrasa, au hata ukiwa Malindi.

Usiku wa kuamkia: kazi moja, iliyoandikwa kama swali

Hapa ndipo ninapotaka usome polepole, maana siku nyingi za maktabani huharibika kabla hazijaanza. Watu huenda na nia, hawaendi na kazi. “Nataka kusoma historia” ni nia. “Nataka kurudia hisabati” ni nia. Nia haina mwisho, kwa hiyo jioni huwezi kusema umeifikisha wapi, na mtu asiyejua amefika wapi hachoki kuahirisha.

Chukua kipande cha karatasi usiku, mvua ikisikika juu ya makuti, na uandike swali moja au tendo moja linaloweza kwisha kabla ya alasiri. Mwanafunzi asiandike “hisabati”. Aandike “maswali kumi ya vekta, nifanye na nisahihishe moja baada ya moja”. Mvuvi anayetaka kuelewa kanuni asiandike “uvuvi”, aandike “kwa nini sheria inakataza juya, wavu ule wa kukokota, na linaharibu nini hasa chini ya maji?” Mama wa biashara aandike “ukurasa mmoja: mtaji wangu, matumizi ya wiki, na gharama ya kweli ya sahani moja ya wali wa nazi”. Mimi siku yangu ya kwanza niliandika hivi: “Ngome ilianza kujengwa lini, ilikwisha lini, na tangu hapo imetumiwa kwa kazi gani?”

Jaribu swali lako kwa njia hii. Jifikirie unatoka maktabani alasiri, umekutana na jirani akakuuliza, “Umemaliza?” Kama waweza kumjibu “ndiyo” au “bado” bila kuongeza maelezo, swali limekaa sawa. Kama itabidi uanze kujieleza, likate vipande viwili na uchukue kimoja.

Andika pia kazi ya akiba chini yake, fupi zaidi. Kitabu unachokitaka huenda kiko mikononi mwa mwingine, na usipokuwa na pa kugeukia utajikuta unapekua magazeti ya zamani hadi saa sita.

Mkoba: karatasi ikae mbali na maji

Nilipata hasara moja ambayo sitaki uipate. Nilibeba daftari langu la miezi miwili kwenye mkoba wa kitambaa, nikatoka mtaa wa Langoni mvua ikiwa rasharasha tu. Kabla sijafika mtaa wa Mkunguni rasharasha ikageuka mvua ya kumwaga. Nilikuwa nimeandika kwa kalamu ya wino wa maji. Nilipolifungua daftari, kurasa zaidi ya thelathini zilikuwa zimebaki madoa ya buluu.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni kalamu. Chukua kalamu ya risasi, kichongeo na kifutio, na biro moja. Risasi haitiririki ikilowa, na kama utakavyoona mbele, kuna maandishi ambayo hutaruhusiwa kuyakaribia na kalamu nyingine yoyote.

Jambo la pili ni kifuniko. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku Kenya tangu Agosti 2017, na ile ya zamani tuliyokuwa tukifungia madaftari haipatikani, wala haitakiwi. Kinachofaa zaidi ni chombo cha plastiki chenye mfuniko wa kubana, kile kile cha kuwekea chakula, kikubwa cha kutosha daftari kulala. Weka humo daftari, simu na chaja, ufunge, ndipo utie ndani ya mkoba. Asiye nacho afunge vitu vyake ndani ya kipande cha turubai.

Ongeza leso kavu au kikoi cha kujifutia, na fulana au shuka nyepesi. Nyumba za mawe huwa baridi siku za mvua, na mtu aliyelowa akiketi saa tatu bila kujifuta atarudi na kikohozi badala ya majibu. Maji ya kunywa yabebe, lakini chupa ibaki mlangoni au chini ya kiti, kamwe isipande mezani.

Njiani

Mvua ya masika hupiga kwa vipindi. Hunyesha kwa nguvu, ikanyamaza, ikarudi. Usishindane nayo, kaa mlangoni umejitayarisha kila kitu, na ikinyamaza tu, toka. Aliyejitayarisha hufaidi kituo cha dakika kumi, na dakika kumi zatosha kuvuka sehemu kubwa ya mji wetu.

Usita wa Mui, njia kuu ya mji wetu, siku kama hiyo una mambo mawili ya kuangalia: maji yanayomwagika kutoka mapaani katikati ya kichochoro, na samadi ya punda iliyogeuka utelezi. Vaa ndara zenye meno chini. Pita ubavuni mwa ukuta wa upande usiomwagika maji, na ukisikia mwenye punda akipiga kelele “Sumila!” jibanze barazani umpishe.

Wanaotoka Shela, Matondoni au ng'ambo ya Mokowe wana hesabu nyingine. Nahodha akikuambia leo hapitiki, usimbembeleze. Vaa jaketi la kujiokolea hata kama ni safari ya dakika chache, na kama bahari imekataa, fanya kazi yako ya akiba nyumbani.

Mlangoni: mkutubi kabla ya kitabu

Wengi wetu tukiingia maktabani tunampita mkutubi kwa haya, tukaenda kusimama mbele ya rafu kana kwamba kitabu kitatuita. Tumsalimu kwanza. Kisha tusome swali letu kwa sauti, kama tulivyoliandika.

“Sabalkheri, mama.”

“Sabalkheri, mwanangu. Mvua imekuleta?”

“Imenileta. Natafuta habari za ujenzi wa Ngome, ilianza lini na ilikwisha lini.”

Ona lililotokea hapo. Hukumwambia “nataka vitabu vya historia”, ukamlazimu akuonyeshe rafu nzima. Umempa swali, na mkutubi mzuri akipewa swali hufikiria vitu visivyo rafuni: ripoti za marekebisho ya majengo, ramani, makala yaliyowekwa kwenye mafaili, kitabu kilichorudishwa jana ambacho bado kiko mezani kwake. Mara nyingi jibu langu limetoka kwenye faili ambalo nisingelijua lipo hata ningezunguka wiki nzima.

Muulize na haya manne, yote kwa mara moja: ada ikiwa ipo, saa ya kufunga siku hiyo, kama vitabu hukopeshwa au husomewa humohumo, na kama ruhusa ipo ya kupiga picha kurasa kwa simu au kutoa fotokopi. Maktaba za makumbusho kwa kawaida hazitoi vitabu nje, na kulijua hilo mapema hubadilisha namna unavyoandika. Siku ya Ijumaa uliza saa kwa makini zaidi, maana mji wote huelekea msikitini mapema.

Kiti

Chagua kiti mbali na upande unaoelekea ua. Ngome ina ua wa wazi katikati, na upepo wa kusi hurusha manyunyu mbali kuliko unavyodhani. Tafuta mwanga wa dirisha unaotoka upande wa mkono usioandikia, na kama una kazi ya kompyuta, uliza soketi iko wapi kabla ya kuketi. Feni ikiwa juu yako, lete kitu kizito cha kukandamizia karatasi. Yatosha, usimalize nusu saa kwa kuhamahama.

Nambari za mgongoni

Maktaba nyingi za umma nchini hupanga vitabu kwa mfumo wa Dewey, uliotolewa na Melvil Dewey wa Marekani mwaka 1876. Maarifa yote yamegawanywa kutoka 000 hadi 999, na nambari huandikwa mgongoni mwa kitabu. Ukishika nambari chache tu zinazokuhusu, utatembea kwenye maktaba ngeni kama mwenyeji.

Hizi ndizo ninazozijua kwa moyo. Uislamu uko 297. Lugha ya Kiswahili iko 496.392, na fasihi yake, tenzi na riwaya, iko 896.392, ona mkia ule ule umejirudia, kwa sababu kwenye 400 ni lugha na kwenye 800 ni fasihi. Historia ya Kenya iko 967.62. Hisabati 510, tiba 610, kilimo 630, uvuvi 639. Uhasibu uko 657 na uendeshaji wa biashara 658, kwa hiyo yule mama wa wali wa nazi ana rafu mbili zinazopakana.

Ukikipata kitabu chako, angalia na vitano vilivyo kuliani na vitano vilivyo kushotoni. Mfumo huu huweka ndugu pamoja, na mara nyingi jirani wa kitabu ulichokitafuta ndiye anayekujibu.

Kusoma na kuandika

Beba vitabu visivyozidi vitatu mezani. Ukiwa na vinane, utavipanga vizuri, utavitazama, na utajiona umefanya kazi.

Usianze ukurasa wa kwanza. Fungua yaliyomo, kisha nenda mwisho kwenye faharasa, yaani orodha ya maneno na kurasa zake. Tafuta maneno matatu au manne ya swali lako. Mimi nilitafuta “Lamu”, “Ngome”, “Shela” na “Oman”. Andika kurasa hizo pembeni, uzisome hizo tu kwanza. Kitabu cha kurasa mia tatu mara nyingi kina kurasa tisa zinazokuhusu, na kusoma tisa kwa makini kunazidi kupitia mia tatu kwa macho.

Sasa daftari. Piga mstari wa kusimama, robo ya ukurasa upande wa kushoto. Juu ya ukurasa andika mwandishi, jina la kitabu, mwaka kilipotolewa, na nambari ya mgongoni. Upande mwembamba wa kushoto ni wa nambari za kurasa tu. Upande mpana ni wa unachokipata. Usiandike sentensi hata moja upande wa kulia bila nambari ya ukurasa upande wa kushoto. Nalisisitiza hili kuliko yote. Jambo lisilo na ukurasa ni lile lile la barazani, umelihamisha tu kutoka mdomoni kwenda kwenye karatasi.

Soma aya, funga kitabu juu ya kidole, kisha andika ulichoelewa kwa maneno yako. Ukiandika huku kitabu kiko wazi, mkono utanakili na akili italala. Penye maneno unayotaka kuyachukua kama yalivyo, yatie ndani ya alama za kunukuu, ili miezi sita baadaye usije ukadhani ni yako.

Utakutana na jambo litakalokusumbua: vitabu viwili havikubaliani. Mimi lilinikuta siku ile ile ya kwanza. Ngome inahusiana na Vita vya Shela, ambapo watu wa Lamu waliwashinda watu wa kisiwa cha Pate na ukoo wa Mazrui, watawala wa Mombasa, waliokuwa wameungana, kisha Lamu ikajiweka chini ya ulinzi wa Sayyid Said bin Sultan wa Oman. Lakini vita hivyo vilikuwa mwaka gani? Kitabu kimoja kilisema 1812, kingine 1813. Nilitaka kufuta kimoja nibaki na kingine, ili daftari liwe safi.

Usifute. Andika vyote viwili, kila kimoja na ukurasa wake, kisha jiulize kwa nini wametofautiana. Kwa habari za pwani yetu sababu moja ya kawaida ni kalenda. Wazee wetu waliandika kwa mwaka wa Hijria, wenye siku 354 au 355. Mwaka huo hauanzi wala kwisha sambamba na wa Miladi, kwa hiyo tukio lililoandikwa kwa mwaka wa Hijria peke yake, bila mwezi, laweza kuangukia mmoja wa miaka miwili ya Miladi. Mwandishi mmoja akachagua wa kwanza, mwingine wa pili. Nilipolielewa hilo nilijisikia nimefunguliwa dirisha, na mpaka leo ndilo jambo wageni wangu hupenda kuliulizia zaidi.

Hadi adhuhuri ya siku ile daftari langu lilikuwa na haya: ujenzi wa Ngome ulianza karibu na 1813 na kumalizika 1821, ilisimama ukingoni mwa maji, kabla ufuo haujajazwa na majengo ya mbele kujengwa, tangu 1910 ilikuwa jela, hadi 1984, kisha ikaingia mikononi mwa Makumbusho ya Taifa. Mistari michache tu. Lakini ilikuwa mistari ninayoweza kusimama nayo mbele ya mtu yeyote, na nilikuwa nimeketi ndani ya jengo lenyewe nikiisoma, nikageuza uso na kutazama unene wa ukuta na boriti za mikoko juu ya kichwa changu. Kama swali lako linahusu kitu kilicho jirani, inuka ukakitazame. Kitabu na ukuta vikisomwa pamoja hueleweka upesi.

Gawa siku kwa adhana

Nimewaona watu wakitega saa ya simu kila dakika ishirini na tano. Sisi tunayo saa ya mji tayari. Mwezi Mei adhuhuri huingia Lamu kama saa sita na robo mchana, na alasiri kama saa tisa u nusu. Ukiketi saa tatu asubuhi, una kipindi kirefu cha kwanza cha zaidi ya saa tatu, kisha kipindi kifupi cha mchana.

Kipindi cha asubuhi kiwe cha kazi ngumu: kutafuta, kusoma, kuandika maelezo. Akili bado haijachoka na mvua ya asubuhi huwaweka watu majumbani, kwa hiyo pana utulivu. Kila saa moja simama, nyoosha mgongo, tazama mbali kwa dakika mbili tatu. Adhana ikilia, malizia sentensi uliyo nayo, usianze nyingine, na andika maneno matatu ya kukukumbusha unakokwenda. Ukirudi hutapoteza robo saa ukijitafuta.

Swala, kisha chakula. Chagua chakula chepesi. Mbaazi za nazi kwa mahamri mawili na kikombe cha chai ya tangawizi vitakupeleka hadi alasiri. Sinia la pilau siku ya baridi lina ladha yake, naliheshimu, lakini baada yake ni usingizi. Osha mikono kwa sabuni na uikaushe kabisa kabla hujagusa kitabu, kwa kuwa alama ya mafuta ya nazi kwenye karatasi haitoki tena.

Kipindi cha mchana ni cha kuandika kwa usafi na kujaza mapengo, wala si cha kufungua kitabu kipya.

Stima na simu

Mvua na stima hazipatani. Chaji simu na kompyuta zako usiku, na usitegemee soketi. Kazi ya intaneti ifanye nyumbani usiku au mwisho wa siku, kwa sababu kuta nene za matumbawe hudhoofisha mtandao na bando huliwa bure ukingojea ukurasa ufunguke. Simu ikae ndani ya chombo chako imefungwa mfuniko. Ukitaka kupiga picha ukurasa ulioruhusiwa, itoe, piga pia jalada la kitabu ili ujue picha ni ya wapi, uirudishe.

Ukikabidhiwa maandishi ya kale

Lamu si mji wa vitabu vya chapa pekee. Nyumba zetu na misikiti yetu imehifadhi hati za mkono zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, za dini na za Kiswahili pia. Huenda siku moja swali lako likakufikisha kwenye karatasi kama hizo, na unyevu wa masika ndio adui wao mkubwa, kwa hiyo siku ya mvua adabu huongezeka.

Mikono iwe safi na mikavu kabisa. Hiyo yatosha kwa karatasi, na mikono mikavu huhisi ukurasa dhaifu vizuri kuliko glavu nene. Kalamu ya risasi peke yake. Usilambe kidole kugeuza ukurasa. Geuza kwa kushika kona ya juu, taratibu, na kama kurasa mbili zimegandana usizitenganishe, mwite mkutubi. Usikilaze kitabu wazi kabisa kama mgongo wake ni mgumu; kiegemeze pande zote mbili. Picha za mwanga mkali wa simu hazifai hata ukiruhusiwa kupiga.

Lakini kabla ya kuomba hati yenyewe, uliza kama ina picha kwenye intaneti. Hati za msikiti wa Riyadha, kwa mfano, zilipigwa picha kupitia mradi wa British Library wa kuokoa maandishi yaliyo hatarini. Ukiweza kusoma picha, karatasi yenyewe imepumzika.

Nusu saa ya mwisho

Mkutubi akianza kufunga madirisha, wengi huanza kukimbilia ukurasa mmoja zaidi. Wewe weka vitabu kando nusu saa kabla. Chukua ukurasa mpya, andika swali lako juu, na chini yake jibu, kwa sentensi kamili, ukurasa usiozidi mmoja. Huu ndio utakaokuwa nao mwaka ujao wakati daftari limejaa. Mwanafunzi aandike maswali aliyoyakosa na kosa lilikuwa wapi. Mama aandike gharama ya sahani yake kwa mstari mmoja, shilingi na senti.

Chini kabisa andika lililobaki. Siku yangu ya kwanza niliandika: “Nani aliianzisha Ngome, na Oman iliingia lini katika ujenzi?” Lilinichukua mvua nyingine mbili.

Vitabu usivirudishe rafuni mwenyewe. Kitabu kilichowekwa nambari mbili pembeni ya mahali pake kimepotea kama kilichoibwa. Viache mezani au mpe mkutubi mkononi, umshukuru, na umwambie ulichokipata. Wakutubi husikia maswali kutwa na majibu mara chache sana. Nimeona nyuso zao zikifunguka.

Ukifika nyumbani

Fungua chombo mara moja, hata kama kila kitu chaonekana kikavu. Daftari likiwa limepata maji, usilianike juani wala karibu na jiko la makaa; joto la ghafla hukunja karatasi na kurasa zinazong'aa hugandana. Lisimamishe limefunguka kidogo mahali penye upepo, weka karatasi kavu zinazonyonya maji kila baada ya kurasa chache, uzibadilishe zikilowa. Likikaribia kukauka, lilaze chini ya kitu kizito usiku kucha. Usiiahirishe kazi hii hadi kesho, maana ukungu huweza kuanza ndani ya saa 48, na kwa unyevu wetu wa Mei hauchelewi.

Kikilowa kitabu cha maktaba mikononi mwako, rudi ukamwambie mkutubi siku hiyohiyo, kabla hujajaribu kukitengeneza.

Ule ukurasa mmoja wa jibu usiuache ndani ya daftari peke yake. Unakili kwenye daftari la pili linalokaa nyumbani, kabatini, lisilotoka na mvua. Langu sasa ni la tatu, na swali la kwanza ndani yake bado ni lile la mgeni mbele ya Ngome.